Mlima Hupandwa na Wawili

Meli ya kutoka Mwanza inapofunga gatini Nansio, baada ya mwendo wa saa tatu na ziada juu ya maji ya Ziwa Viktoria, ngurumo za pikipiki huwalaki abiria kabla hawajakanyaga nchi kavu, na vijana waliotundika kofia ngumu kwenye usukani badala ya kuzivaa hugombania mizigo ya watu kwa makelele yasiyo na staha kwa mkubwa wala kwa mdogo. Nyuma ya zogo hilo, mahali ambapo mgeni hana sababu ya kutupa jicho, husimama mzee mmoja na baiskeli yake nyeusi ya inchi 28, yenye breki za vyuma na keria pana iliyofungiwa kigodoro cha gunia, naye haiti mtu. Wanaomjua humwendea wenyewe. Aghalabu ni wanawake watu wazima wa Bukindo na Kagunguli, nao humwamkia, humkabidhi kikapu, hungoja akifunge kwa ukanda wa mpira uliokatwa katika tyubu kuukuu, kisha hukaa upande juu ya keria bila kuambiwa wakae vipi.

Jina lake silitaji, kwa kuwa hakuniomba nimtangaze. Nataka kutaja kazi yake tu, maana katika sifa nyingi tulizozoea kusoma, za waunda mitumbwi, za wahunzi, za wafinyanzi na za wapiga ngoma wa Kanda ya Ziwa, sijakutana na sifa ya mtu ajuaye kumpandisha mwenziwe mlima kwa magurudumu mawili na kumteremsha upande wa pili akiwa salama. Ilhali kisiwa cha Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyomo ndani ya maziwa ya Afrika, kimepitisha mihogo yake, machungwa yake, dagaa wake, wagonjwa wake na maharusi wake juu ya keria kwa zaidi ya nusu karne.

Siku moja nilimfuata nyuma, juu ya baiskeli ya kuazima, katika njia ya kwenda Bukindo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na mwinuko uliotukabili ulikuwa wa namna ile inayojulikana na kila mwenyeji wa kisiwa: chini mchanga, katikati changarawe iliyolegea, na karibu na kilele mgongo wa jiwe la matale uliochomoza katikati ya barabara. Mzee alianza kuupanda mlima kabla mlima haujaanza. Angali katika tambarare aliongeza mwendo kidogo, si kwa pupa ya kijana anayetaka kuumaliza mwinuko kwa pumzi yake ya kwanza, bali kwa kadiri ya kumvusha mchanga tu, na mwendo huo ulipoanza kufifia yeye alikwisha kuinuka juu ya tandiko, viwiko vimekunjwa, kifua kimeletwa juu ya usukani, na kila pedali ikishuka kwa uzito wa mwili wala si kwa nguvu za goti. Siri ya kupanda imo humo. Mzigo uliokaa nyuma ya ekseli hulinyanyua gurudumu la mbele, na baiskeli ambayo gurudumu lake la mbele limekuwa jepesi haiongozeki tena. Huyumba, hukaa mshazari, kisha humrudisha mtu kinyumenyume pamoja na mali yake. Kwa hiyo mpandaji hodari huupeleka mwili wake mbele uwe jiwe la mzani katika kitanga cha pili, na kadiri mlima unavyosimama ndivyo anavyozidi kuulalia usukani.

Lakini jambo lililonifanya nichukue kalamu si hilo la mzee, bali ni la yule mama aliyepakiwa nyuma. Mzee alipoinuka, mama naye aliinama. Hakuambiwa neno. Bega lake lilisogea mpaka likaugusa mgongo wa mzee, mkono wake wa kulia ukakizuia kikapu kisirudi nyuma, na miguu yake, iliyokuwa ikining'inia kwa raha katika tambarare, aliikusanya ikatulia isipige spoku wala kuyumbisha chombo. Baiskeli ilipoanza kukata barabara kwa mshazari, kushoto kisha kulia, ili kuupunguza ukali wa mwinuko, mama aliupokea kila mgeuko kwa kiuno chake kabla haujafika. Na walipolikaribia lile jiwe, mzee alisema kwa sauti ya chini, "Mama, hapa tushuke," naye akajibu, "Tushuke, baba," na wakati huo alikuwa tayari amekwisha kushuka. Mzee mwenyewe hakuweza kuupitisha mguu nyuma, kwa sababu nyuma kuna keria na kikapu. Aliupitisha mbele, juu ya chuma cha fremu, kwa ulaini ambao sikuutarajia kwa mtu wa umri wake, na hakuiacha baiskeli irudi nyuma hata shibiri. Wakaisukuma pamoja katika mwinuko uliobaki, yeye akishika usukani na mama akisukuma keria, huku wakizungumza habari za msiba wa jirani.

Nimewaza sana juu ya mama yule. Tumezoea kusema kwamba fundi ni mmoja na anayehudumiwa ni mwingine; mshonaji hushona na mvaaji huvaa. Katika ustadi huu haikuwa hivyo. Abiria wa baiskeli alikuwa na elimu yake, aliyoipata utotoni mgongoni mwa baba na mjomba, na mpandaji asiyekuwa na abiria mwenye elimu hiyo alikuwa nusu ya mpandaji. Ndiyo maana wazee wa zamani walimpima abiria kabla ya kumpakia. Mgeni wa mjini, anayekaa wima mlimani na kuegemea nje penye kona kwa hofu ya kuanguka, alitozwa nauli ile ile, lakini kila penye mwinuko aliombwa kwa adabu atembee.

Mintarafu ya kuteremka, maarifa yangu yote nimeyapata kwa mjomba wangu, Mungu amrehemu, ambaye nilipokuwa mtoto alikuwa akinipakia kwenye chuma cha mbele, kati ya mikono yake, tulipokwenda sokoni Nansio na magunia ya mihogo mikavu nyuma yetu. Mtoto aliyepakiwa mbele huona asichokiona abiria wa nyuma, nacho ni mikono. Nimeisahau sura ya mjomba katika siku zake za ujana, na sauti yake huja na kupotea, lakini mikono ile ningali naiona: vidole viwili tu juu ya kila breki, cha shahada na cha kati, na vile vingine vimeushika usukani pasipo kuukaba. Kilele cha mlima kilikuwa mahali pa kusimama. Si kwa sababu ya uchovu, ijapokuwa uchovu ulikuwapo. Alisimama ili aukaze tena ukanda wa mzigo, maana mzigo uliofungwa kwa ajili ya kupanda huwa umelalia nyuma, nao ukiachwa vivyo hivyo utakujia mgongoni katika mteremko. Kisha alikuwa akiniambia, "Mteremko huanzia juu, mpwa wangu. Ukiungoja katikati, umekwisha kukutangulia."

Baada ya mvua alikuwa na ada nyingine. Breki za baiskeli zile hufanya kazi kwa fito za chuma zinazoivuta mipira ya breki iubane ukingo wa rimu kutoka upande wa ndani, na rimu hizo, zikiwa za chuma kilichong'arishwa, zikipata maji huteleza, hata mtu akizikamata kwa nguvu zake zote huenda chombo kisisikie. Basi mjomba alikuwa akiondoka kileleni polepole, akizigusa breki kwa vidole viwili vile, akigusa na kuachia, akigusa na kuachia, huku ameinamisha kichwa upande. Alikuwa akisikiliza. Mwanzo ulisikika mlio mwembamba wa maji, kisha, baada ya mizunguko kadhaa ya gurudumu, mlio ukageuka kuwa wa kukwaruza, mzito na mkavu. "Sasa zimeamka," alikuwa akisema, na hapo ndipo aliporuhusu baiskeli iende. Akaisogeza nafsi yake nyuma mpaka mwisho wa tandiko, akazisawazisha pedali zikawa mbele na nyuma wala si juu na chini, akalegeza magoti, akatangulia kuibana breki ya nyuma, na ile ya mbele akaiomba msaada kwa vipande vipande tu, kwa maana gurudumu la mbele likifungwa juu ya changarawe halina huruma. Macho hakuyaweka karibu na tairi. Aliyatupa mbali, kule ambako baiskeli ingekuwa baada ya muda mfupi, na kilichokuwa chini ya tairi wakati huo alikiacha kwa magoti na mikono, vilivyokwisha kuarifiwa.

Siwezi kueleza ni usalama wa namna gani nilioupata katikati ya mikono ile. Tangu wakati huo nimepanda magari, meli na ndege, na katika vyombo vyote hivyo nimekuwa mzigo.

Kuna habari ya makorongo pia, ambayo vijana waliipenda kuliko yote. Masika yakishapita, barabara za udongo za Ukerewe hukatwa na mifereji ya maji, mingine ya upana wa kiganja, mingine inayoweza kumeza gurudumu zima. Kanuni ya kwanza ni kwamba korongo huvukwa uso kwa uso, haliendewi kwa mshazari, kwani tairi likiingia kwa pembe hukamatwa na kingo na usukani hukutoka mikononi. Kanuni ya pili ni ya kuinuka: mpandaji husimama juu ya pedali zilizo sawa, huinama kidogo ili apate akiba ya kunyanyukia, na gurudumu la mbele linapofika ukingoni huuvuta usukani kifuani, kisha mara huusukuma mbele na kuupunguza uzito wake nyuma ili gurudumu la pili lipite kabla halijazama. Akiwa na abiria, haruki. Hutoa sauti moja, "Jinyanyue, mama," na mama hujinyanyua kidogo juu ya keria kwa kushika tandiko, ili pigo la korongo liipate baiskeli tupu wala si mgongo wa mtu. Ni tendo la nukta moja tu, na sijaona adabu ya barabarani iliyolishinda.

Sisi watoto, kwa kuwa hatukuwa na abiria wa kumheshimu, tuliruka kwelikweli. Karibu na ufuko palikuwa na jiwe bapa lililoinama kuelekea mchangani, nalo lilikuwa chuo chetu. Aliyeruka akatua kwa gurudumu la mbele alipinduka juu ya usukani. Aliyetua kwa la nyuma peke yake alitikisika mpaka meno. Aliyetua na usukani uliopinda alikunja rimu na kukata spoku, akaisukuma baiskeli ya baba yake hadi kwa fundi chini ya mwembe, akiomba dua njia nzima. Aliyefaulu ni yule aliyetua kwa magurudumu yote mawili pamoja, magoti yamekunjika, usukani umenyooka, na ambaye hata kabla ya kutua alikuwa amekwisha kutazama mahali pa kwenda. Fundi yule wa chini ya mwembe, aliyekuwa na sahani ya gololi ndani ya grisi na kopo la solusheni lisilokauka kamwe, hakutugombeza. Alilizungusha gurudumu lililokunjika mbele ya jicho lake na kutueleza, kwa namna lilivyokunjika, kosa tulilolifanya hewani.

Historia ya chombo hiki kisiwani ni fupi. Aniceti Kitereza, aliyeishi Kagunguli, alipomaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kile kitabu chake kikubwa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ambacho Kiswahili chake kilichapishwa miaka mingi baadaye, aliwaeleza watu wa zama za kabla ya wageni, nao huendeana kwa miguu na kwa mitumbwi. Gurudumu lilikuja na misheni, na makarani, na hasa na pamba. Vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba viliposimama upande huu wa ziwa, hata vikaungana mwaka 1955 chini ya shirikisho la Victoria Federation, mkulima aliyeuza vizuri alikuwa na matamanio mawili: bati la nyumba yake na baiskeli. Baiskeli zile za Kiingereza, na baadaye za Kihindi na za Kichina, zilikuwa nzito, zisizo na gia, zilizoundwa kwa ajili ya barabara za watu wengine, na waliozifundisha vilima vya Ukerewe ni baba zetu. Kitabu cha maelekezo hakikuja nazo.

Kisha ikaja pikipiki. Sina chuki nayo. Imewafikisha wajawazito kwa wakunga usiku wa manane, na atakayeidharau huyo hajapata kuuguliwa kijijini. Wala wenye pikipiki si maadui wa baiskeli kwa asili, kwani bodaboda yenyewe ilizaliwa juu ya keria, mpakani Busia kati ya Kenya na Uganda, miongo mingi kabla kanuni za mwaka 2010 za Tanzania hazijaipa pikipiki leseni ya kubeba abiria. Ninachokilalamikia ni kwamba mashine ilipokuja ilisamehe kila kosa la mwinuko, na kosa lililosamehewa kupanda halikusamehewa kuteremka. Kijana wa leo anaweza kukaa wima, amepakia abiria wawili na gunia, akazungusha mkono wake wa kulia, na mlima ukapita. Hajui kwamba uzito umekaa vibaya, maana nguvu ya mota imemficha. Huja kuujua upande wa pili, kwenye changarawe, akiwa na mwendo ambao vidole viwili haviwezi kuuzuia.

Na uzito hauna upendeleo wa mashine. Kule Jinja, Mto Nile unapotoka ziwani, wageni hukodishiwa vyombo vya magurudumu manne vya kuchezea milimani, na kabla ya kuachiwa hufundishwa mambo yale yale ya mjomba wangu: mwinuko, lete kifua mbele, mteremko, rudi nyuma, ukipita ubavuni mwa kilima, egemea upande wa juu. Vyombo vya ukoo huo vilipoanza mwaka 1970 vilikuwa na magurudumu matatu, navyo viliwapindua watu wengi sana huko Marekani, hata mwaka 1988 watengenezaji wakafungwa na makubaliano ya mahakamani waache kuuza vipya vya namna hiyo. Taifa lenye wahandisi wote wale lilijifunza kwa majeraha kwamba gurudumu la nne halimfanyi mtu kuwa mpandaji. Mgeni wa Jinja anafundishwa kuegemea kwa ajili ya mchezo wa saa moja, naye kijana wetu anayebeba roho za watu tangu alfajiri hadi usiku hafundishwi na yeyote.

Sisi wa visiwani hatukustahili kusubiri kuambiwa uzito uliokaa vibaya hufanya nini. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Mv Bukoba ilizama karibu na Mwanza; tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha Mv Nyerere kilipinduka kikiwa kinakikaribia kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa mbele ya macho ya waliokuwa ufukoni. Tulilia, tukazika, tukadai vyombo vipya. Lakini yale maarifa madogo ya kila siku, ya mtu kujua mwili wake umekaa wapi juu ya chombo na kwa nini, tuliyaacha yaondoke pamoja na baiskeli, bila matanga.

Kinachonisikitisha zaidi ni abiria. Nimewaona akina dada wakipanda mlima ule ule wa njia ya Bukindo juu ya pikipiki, mmoja amegeukia nyuma kuzungumza na mwenzake, mwingine ameinamia simu, na dereva naye hakuwatazamia lolote, akaliparamia jiwe la matale kwa kishindo kilichowarusha wote watatu. Hakuna aliyemwambia "jinyanyue". Hakuna aliyeudhika pia, na hilo ndilo lililonitia huzuni, kwa kuwa mtu haudhiki kwa kukosa asichopata kukijua. Mafundi wa baiskeli mjini Nansio wangalipo wachache, kisiwa kingali na baiskeli nyingi kuliko mgeni anavyodhani, na wakulima wa mihogo wangali wanasukuma magunia yao wenyewe. Ila biashara ya kumpakia mtu, iliyokuwa shule ya ustadi wote huu, iko mikononi mwa wazee wanaohesabika.

Basi enyi wakuu wa vijiwe vya bodaboda, kabla hamjampa kijana pikipiki ya hesabu, mpeni kwanza baiskeli yenye gunia kwa muda wa msimu mmoja wa masika, apande na kuteremka nayo mpaka aache kuiangusha. Nanyi abiria, hasa akina mama mnaoikumbuka keria, msikubali kubebwa kama shehena. Mfikapo kileleni, mwambieni kijana asimame, akaze mzigo na kuzijaribu breki. Akikataa, shukeni hapo hapo, mlipeni nauli ya alikowafikisha, na mteremke kwa miguu.